Kaskazi Linda, Masika Panda

Vuli ikikatika, kwa kawaida Desemba ikielekea ukingoni, upepo wa kaskazi hushika. Pwani kuanzia Malindi, Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam, pamoja na Unguja na Pemba, huingia katika miezi yake ya joto kali. Mchana joto hufika nyuzi 32 na kuvuka, usiku hubaki karibu na 25. Maembe yamejaa sokoni, visima vinapungua, dumu la maji linapanda bei, na bustani iliyokuwa imestawi Novemba inaanza kukunja majani ifikapo saa tano asubuhi.

Hapo wenye bustani hugawanyika. Wapo wanaoiacha ife, wakisema masika itaifufua. Wapo wanaoimwagia maji asubuhi na jioni kwa mpira, wakipigana na jua hadi fedha za maji ziishe. Wote wawili wanaweza kufanya vizuri zaidi wakikubali jambo moja: kaskazi si msimu wa kupanua bustani. Ni msimu wa kulinda udongo ulio nao na kuandaa mahali pa mvua za Machi hadi Mei. Maji unayoyazuia yasipotee ni rahisi kuliko maji unayoyanunua.

Walioko Dodoma, Singida au Mtwara, ambako mvua hunyesha msimu mmoja kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, kiangazi chao ni katikati ya mwaka hadi Oktoba. Kazi nyingi ni hizi hizi. Kinachohama ni kalenda.

Majani makavu yasichomwe

Kila asubuhi uwanja hufagiwa kwa chelewa, majani ya mwembe na mkungu yakarundikwa pembeni na kupigwa kiberiti. Kufagia kuna sababu yake: uwanja safi humnyima nyoka na nge maficho, na watoto hucheza bila wasiwasi. Endelea kufagia. Ila lile rundo usilichome, lipeleke kwenye matuta.

Udongo mtupu ukipigwa na jua la Februari huwaka kiasi cha kuua mizizi midogo ya juu, ambayo ndiyo inayokunywa sehemu kubwa ya maji unayomwaga. Ukiufunika, unabaki baridi na unyevu unakaa. Tandaza majani au nyasi kwa unene wa sentimita 5 hadi 10. Anza kwa kumwagilia, kisha ndipo utandaze, kwa sababu matandazo juu ya udongo mkavu huhifadhi ukavu. Acha nafasi ya vidole vitatu kuzunguka kila shina, maana unyevu ukigusana na gome muda mrefu mmea huoza shingoni.

Majani ya mwembe ni magumu na huchelewa kuoza, hivyo yanaweza kukuvusha kaskazi nzima. Nyasi zinafaa iwapo zimekatwa kabla ya kuzaa mbegu. Pumba za mpunga ni nzuri kwa vitalu na vyungu. Makumbi ya nazi hushika maji kuliko vyote, lakini uliza yalikotoka: makumbi yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kusokotea kamba yamejaa chumvi, na yanahitaji kusuuzwa mara kadhaa kwa maji baridi kabla hayajagusa mboga.

Mchwa nao hupenda matandazo makavu, hasa vipande vya miti. Tumia vitu laini, viwe na unyevu, na uvifunue walau mara moja kwa wiki. Ukiona vijia vyao vya udongo, ondoa tabaka la mahali hapo, vunja vijia, pigapiga jembe juujuu, kisha utandaze upya.

Maji: kiasi, saa na njia

Katika jua la miezi hii, tuta lenye mimea iliyokwisha kukua hupoteza takribani milimita 5 za maji kwa siku. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Kwa hiyo tuta la mita 1 kwa mita 3 linahitaji kama lita 15 kwa siku, yaani robo tatu ya dumu la lita 20. Matuta manne ni madumu matatu kila siku. Piga hesabu hiyo kabla ya kuamua utabaki na matuta mangapi. Ni afadhali matuta mawili yanayoshiba kuliko matano yenye kiu.

Saa nzuri ni baada ya alfajiri hadi saa mbili asubuhi. Wanaofunga, ambao Ramadhani ya 2026 na 2027 inawaangukia kaskazi, wataona kwamba saa hiyo ndiyo inayofaa pia mwili wa mtu anayebeba ndoo. Jioni baada ya saa kumi na moja inakubalika, mradi uelekeze maji chini, kwenye udongo. Majani yakilala yamelowa, ukungu hupata nafasi.

Usimwagilie kwa mazoea. Chomeka kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili: ukikuta unyevu, ahirisha hadi kesho. Mimea yenye majani mapana, kama maboga, hunywea saa nane mchana hata kama chini kuna maji. Ipime tena jioni kabla ya kuikimbilia na ndoo. Udongo wa mfinyanzi upewe maji mengi kwa siku za kupishana. Mchanga wa pwani haushiki maji, kwa hiyo uupe kidogo kidogo kila siku. Mchanga uliokauka sana hata huyakataa maji mwanzoni: nyunyiza kidogo, subiri dakika chache, ndipo umwagilie.

Masika tunainua matuta ili maji yatoke. Kaskazi fanya kinyume: chimba tuta liwe sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa uwanja, na udongo wa juu urudishe ndani ukiwa umechanganywa na mboji. Maji hayatiririki nje, na upepo unapita juu ya miche badala ya kuichapa.

Mtungi wa udongo usiopakwa rangi nao ni chombo kizuri cha kumwagilia. Ufukie hadi shingoni, ujaze maji, uufunike ili mbu wasizalie humo, kisha panda miche kuuzunguka. Maji hupenya ukutani polepole kufuata ukavu wa udongo, na mizizi huyafuata. Asiye na mtungi akate kitako cha chupa ya lita 1.5, atoboe kizibo matundu mawili kwa sindano ya moto, aichomeke kichwa chini kando ya mmea.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende moja kwa moja kwenye matuta. Maji ya kufulia yapeleke kwenye migomba na mipapai, si kwenye mboga za majani, na yale yenye dawa ya kung'arisha nguo yasifike bustanini kabisa.

Visima vya karibu na bahari hukolea chumvi wakati huu. Dalili zake ni ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zilizoungua. Maharage, karoti na vitunguu huumia kwanza. Spinachi huvumilia zaidi, na mnazi ndiyo kabisa haujali. Kama una maji ya bomba kidogo, yatunze kwa ajili ya miche, na ya kisima uyapeleke kwa mimea mikubwa. Mvua za masika zitaiosha chumvi hiyo ishuke chini.

Kivuli na upepo

Angalia jua lilipo kabla ya kuweka kivuli. Desemba na Januari, kwa sisi tulio kusini mwa ikweta, jua la saa sita huegemea upande wa kusini. Ukuta wa kusini wa nyumba hupigwa na jua, na kivuli huanguka kaskazini. Lakini ni kivuli kifupi: Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba, ukuta wa mita 3 hutupa kivuli kisichofika mita 1 adhuhuri. Mwanzoni mwa Machi jua hupita utosini na kivuli hicho hutoweka. Kwa hiyo vyungu na miche iliyo kwenye mifuko isogeze upande wa kaskazini wa nyumba Januari, na baadaye uipeleke mashariki mwa mti au ukuta, ipate jua la asubuhi na kusitiriwa na lile kali la alasiri.

Kwa vitalu, makuti yanatosha. Simamisha miti minne yenye urefu wa mita 1, laza fito, tandika makuti yaliyopasuliwa ili mwanga upenye. Miche ikikaribia kuhamishwa, punguza kuti moja moja kwa muda wa wiki, maana mche uliotolewa kivulini ghafla huungua majani siku ileile.

Upepo hukausha sawa na jua. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo ua wa makuti au safu ya mbaazi upande huo husaidia. Ua usiwe mzito kama ukuta. Upepo uliozuiwa kabisa huruka juu na kuanguka kwa kishindo upande wa pili. Ukipenya kidogo, hutulia.

Cha kupanda na cha kuahirisha

Bamia ndiyo mboga ya msimu huu. Loweka mbegu usiku mmoja, panda mbili kila shimo, acha sentimita 30 hadi 40 kati ya mashimo, kisha ng'oa mche dhaifu. Baada ya miezi miwili hivi utaanza kuchuma, na ukishaanza, chuma kila baada ya siku mbili. Bamia iliyokomaa mtini huuambia mmea kuwa kazi imekwisha. Kunde kwa ajili ya majani, mlenda, biringanya, nyanya chungu na pilipili nazo hustahimili. Mchicha huenda vizuri ukiupa maji, na kwa kuwa unang'olewa baada ya wiki tatu au nne, panda kipande kimoja kidogo kila wiki badala ya tuta zima kwa mara moja. Matembele yaweke mahali penye unyevu, karibu na bomba.

Kabichi, karoti na letusi ziache hadi upepo wa kusi uingie na hali ya hewa ipoe, kuanzia Juni. Letusi ya Februari hutoa ua kabla hujala saladi ya pili.

Nyanya zinahitaji maelezo. Wengi huona maua yakidondoka wakadhani ni ugonjwa, wakanunua dawa. Mara nyingi sababu ni joto: usiku ukizidi nyuzi 21 au 22 na mchana ukizidi 32, chavua hudhoofika na ua haligeuki tunda. Hakuna dawa ya hilo. Tunza mmea, uupe kivuli cha mchana, na usuke ratiba ya kitalu ili maua mengi yafunguke Juni na Julai. Nyanya ikioza kitako, chanzo huwa ni maji yasiyo na mpangilio: leo mafuriko, kesho ukame, na mmea unashindwa kupeleka kalisi kwenye tunda. Matandazo ndiyo tiba ya kwanza.

Biringanya na pilipili zilizochoka kwa kuzaa usizing'oe. Mwishoni mwa Februari zikate zibaki na urefu wa goti, weka samadi iliyoiva kuzunguka shina, nazo zitachipua upya na mvua.

Wadudu wa jua

Utitiri mwekundu hupenda joto, ukavu na vumbi. Geuza majani ya nyanya, biringanya na mpapai: ukiona vitone vya njano juu na utando mwembamba chini, umeshaingia. Kila asubuhi piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, maana unyevu huuchukia. Ng'oa majani yaliyoathirika sana. Inzi weupe ni hatari zaidi kwa sababu hubeba virusi vinavyokunja majani ya nyanya. Mche uliokwisha kukunja majani na kudumaa hauponi, ung'oe mapema usiwe chanzo kwa mingine. Vidukari kwenye kunde huondolewa kwa vidole wakiwa wachache.

Dawa ya nyumbani inayofanya kazi ni ya mbegu za mwarobaini. Twanga gramu 50 za kiini kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai, na unyunyize jioni, kwa kuwa jua huiharibu haraka. Ijaribu kwanza kwenye majani machache.

Inzi wa matunda ndiye mwizi wa maembe. Aina kutoka Asia iliyoleta hasara kubwa iligunduliwa Kenya mwaka 2003 na sasa iko karibu kote Afrika Mashariki. Jike hutaga ndani ya embe, funza hukua humo, tunda huanguka, nao hushuka ardhini kugeuka inzi wapya. Kwa hiyo kuokota maembe yaliyoanguka ni kazi ya kila siku, si ya Jumamosi. Yafukie kwenye shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi. Kuyatupa kwenye rundo la mboji ni kuwafuga.

Halafu usiwaue sisimizi waitwao maji moto. Sisimizi hao wekundu wanaoshona majani ya mwembe na mnazi wanauma, kweli, lakini wanawinda kunguni wanaodumaza nazi changa na wadudu wanaokausha machipukizi ya mkorosho. Unapotaka kupanda mtini kuchuma, chagua asubuhi na mapema wakiwa bado wametulia, na ujipake majivu mikononi na miguuni.

Miti na mashimo

Mwembe ukimaliza kuzaa, mwezi wa Februari au Machi, ndipo upunguzwe matawi. Ondoa yaliyokauka, yanayosuguana na yanayoelekea ndani, upepo na mwanga vipite. Ukichelewa hadi Juni utakata matawi yanayojiandaa kutoa maua.

Kwenye shina la mgomba acha mama, binti na mjukuu. Machipukizi mengine yakate chini kabisa. Kila moja linalozidi linagawana maji ambayo hayatoshi. Majani yaliyokauka yatandike chini ya shina, na mgomba wenye mkungu uupe egemeo la panda kabla upepo haujaulaza.

Mashimo ya miti ya matunda yachimbwe sasa, ingawa mche utapandwa Aprili. Sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini zinatosha. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Baada ya wiki mbili tatu za jua, rudisha ule wa juu uliochanganywa na debe moja au mawili ya samadi iliyoiva, ukiinua kidogo kupita usawa wa ardhi, kwa sababu utazama. Shimo lililojazwa siku ya kupanda humeza mche mpaka shingoni mvua ikishindilia udongo. Chomeka kijiti katikati ili mahali pasipotee.

Mboji, mbegu na paa

Mboji iliyoanzishwa Januari huwa tayari masika ikishika, mradi isikauke. Ijenge kivulini: tabaka mbili au tatu za vitu vikavu kwa moja ya vitu vibichi kama maganda ya ndizi na magugu, na samadi kidogo. Ibane kwa mkono: ikitoa tone moja mbili, unyevu unatosha, ikiwa vumbi, inyunyizie. Igeuze kila wiki mbili na uifunike kwa majani ya mgomba.

Hewa kavu ndiyo rafiki wa mbegu. Chagua mche bora wa bamia mapema, ufunge uzi, uache matunda yake yakauke mtini. Kichwa cha mchicha kikipauka, kikate, kisugue, kipepete. Anika mbegu kivulini, si juu ya bati la moto, kisha uziweke kwenye chupa yenye kifuniko pamoja na mfuko mdogo wa majivu makavu. Mbegu za chotara usizihifadhi. Watoto wake hawafanani na mama.

Paa nalo ni sehemu ya bustani. Safisha michirizi, ziba viungo vinavyovuja, sugua tangi kabla ya Machi. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,000. Hata ukipoteza sehemu ya tano, lita 800 zinabaki. Funika tangi vizuri, kwani mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi ya nyumbani.

Mvua ya kwanza

Mvua ya kwanza ya Machi hudanganya. Hunyesha nusu saa, vumbi hunukia, na kila mtu hushika mbegu. Kabla ya kupanda, chimba uone: unyevu ukiwa umeshuka shubiri moja, panda, ukiwa umeishia juu, subiri ya pili. Mbegu iliyoamshwa na manyunyu kisha ikakutana na wiki ya jua haiamki tena.

Wakati unasubiri, toboa kingo za yale matuta uliyoyazamisha, maana kilichokuokoa Januari kitazamisha mboga Aprili. Sukuma matandazo kando ili kufungua mistari ya mbegu ndogo, ukiyaacha katikati ya mistari yazuie matone makubwa yasirushe udongo kwenye majani. Miti ihamishie mashimoni mvua zikishazoea, kuanzia wiki ya kwanza ya Aprili, ili ipate miezi miwili ya kutia mizizi kabla kusi haijakausha ardhi. Na kama umebaki na siku moja tu kabla ya hayo yote, itumie kwenye matandazo: mashimo yanaweza kuchimbwa hata Machi, lakini udongo ulioungua Februari utakudai msimu mzima.